Nungunungu wa Shamba Letu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walioamka wakiwa safi, na asifiwe pia na sisi tulioingia humu ndani na udongo chini ya kucha.

Naitwa Mkamburi. Wengi wenu mnanijua kwa sukuma wiki ninayoleta soko la Voi. Wengine mnanijua kwa jambo jingine: mimi ndiye yule msichana anayepanga upya viti vya kanisa baada ya wazee kumaliza kuvipanga. Nawaona mnacheka. Chekeni tu, ni kweli. Leo nimekuja kusema habari za ugonjwa huo, kwa maana ni ugonjwa, nao ulinifikisha mahali pabaya. Nimeuandika ushuhuda huu ili niusome. Nikisema bila karatasi nitajisahihisha katikati, na hamtafika nyumbani kula chakula cha mchana.

Shamba letu liko chini ya vilima, ukitoka hapa Voi kuelekea Wundanyi. Asubuhi ukiinua macho unauona msitu wa Chawia juu kule umefunikwa na ukungu, huku sisi chini jua limeshaanza kutupiga mgongoni. Ni shamba la baba. Baba alipolala, tulibaki watatu: mama, kaka yangu Mwakio na mimi. Mwakio ni mkubwa wangu. Yule ni mtu wa mkono mwepesi na kicheko kingi. Akipanda, anarusha mbegu kama anayelisha kuku. Mimi nikipanda, napima kwa kamba.

Sikusomea kilimo, ndugu zangu. Mwalimu wangu ni simu. Nimekaa juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba, pale mtandao unapokamata, nikatazama wakulima wa nchi ambazo sitazifikia, nikajifunza. Na kila nilichojifunza kilinipa hofu mpya. Nikijua kwamba kuna mdudu, namtafuta. Nikijua kwamba kuna ugonjwa wa majani, siwezi kupita karibu na jani bila kuligeuza nione chini yake.

Hata na baba nilikuwa hivyo. Alipokuwa mgonjwa, aliketi kwenye kiti chake cha kamba mchana akisinzia, nami kila mara nilimgusa bega: "Baba, unalala vizuri?" Siku moja akafungua macho, akaniambia kwa upole, "Mkamburi, mwanangu, niache nilale, ndipo nitajua." Nikasema sawa. Baada ya muda mfupi nikamgusa tena. Bwana anisamehe. Nilidhani huo ndio upendo.

Sasa sikilizeni habari ya shamba. Tulilima mboga juu ya mboga. Sukuma ikitoka, tunaingiza spinachi. Spinachi ikitoka, kabeji. Udongo haukupumzika hata siku moja. Mboga za majani zina njaa ya kitu kinachoitwa naitrojeni. Hicho ndicho kinacholipatia jani rangi ya kijani na unene. Kikiisha ardhini, majani ya chini yanaanza kuwa manjano, kisha ya katikati, na mmea unasimama tu kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda. Sisi tulikuwa tunakilipia dukani, mfuko baada ya mfuko, na udongo ukawa mgumu kama sakafu. Tukapunguza mbolea kwa sababu hatungeweza kuendelea hivyo. Sukuma ikageuka manjano yote.

Pale sokoni kuna mama mmoja tunamwita Mama Mutua, ndiye anayechukua mboga zetu na kuziuza rejareja. Siku moja alishika kifungu changu, akakigeuzageuza, akasema mbele ya watu wote, "Mkamburi mwanangu, hii sukuma umeipeleka hospitali? Mimi naona ina homa ya manjano." Soko lote likacheka. Mimi nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Wakati huo marafiki wa Mwakio walikuwa wameenda Kishushe kutafuta kazi ya kuchimba mawe, na walikuwa wanamwita. Mama hakutaka. Mimi pia sikutaka, lakini sikujua la kumwambia, maana shamba lilikuwa linakufa mbele ya macho yetu.

Ndipo juu ya lile jiwe nikajifunza habari za kunde.

Ndugu zangu, sote tumekula kunde tangu tukiwa watoto, mbegu zake na majani yake. Mimi sikujua kwamba mizizi yake ina kazi. Kunde, maharagwe, njugu, fiwi, jamii yote hiyo, hushirikiana na vijidudu vidogo sana vya udongoni. Vijidudu hivyo hujenga vinundu kwenye mizizi, na ndani ya vinundu hivyo huchukua naitrojeni kutoka kwenye hewa, hii hewa ya bure tunayovuta, na kuipa mmea. Ukipanda kunde shamba zima zikafunika udongo kama blanketi, halafu ukazikata zikiwa zimetoa maua, kabla hazijamwaga nguvu zao kwenye maganda, ukaziacha pale chini zioze, chakula kile kinabaki ardhini. Ukipanda sukuma baada yake, inakikuta mezani.

Nilimwendea Mwakio mbio. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nilimweleza yote bila kupumua. Akasikiliza, akauliza, "Kwa hivyo tunapanda chakula, halafu kabla hatujakila tunakikata na kukiacha chini?"

"Ndiyo."

"Na majirani watasema nini?"

"Watasema tumerogwa."

Akacheka sana. Kisha akatazama upande wa barabara ya Kishushe ingawa kutoka kwetu haionekani. Akasema, "Msimu mmoja, Inspekta." Hilo ndilo jina alilonipa, Inspekta. "Msimu mmoja nitakaa. Nitawaambia wale vijana wanisubiri. Zikifanya kazi hizo kunde zako, mimi ni mkulima mpaka kufa. Zisipofanya, usinililie. Ila kona ile ya chini karibu na mfereji niachie mimi. Ile nitapanda kwa mkono wangu, na wewe usiiguse. Tumepatana?"

Nikasema tumepatana.

Ndugu zangu, kaka yangu aliweka msimu mzima wa maisha yake mikononi mwangu. Ningemwekea nini badala yake? Nilitakiwa kumwekea kitu kimoja tu, nacho ni subira. Hicho ndicho sikuwa nacho.

Mvua zikaja. Tukapanda. Mimi na kamba yangu sehemu yote ya juu, mstari kwa mstari. Mwakio kwenye kona yake akarusharusha mbegu huku anaimba, nyingine zikaangukia njiani. Nilishindwa kutazama. Nikageuza uso kabisa.

Zikaota. Zikatoa majani. Zilikuwa nzuri, lakini macho yangu yaliona kwamba hazina nguvu ya kutosha. Nikawaza, kama hizi kunde zitashindwa, Mwakio ataondoka. Basi nikachukua mbolea iliyobaki ghalani na kuzisaidia. Nilinyunyiza sehemu yote yangu, kimyakimya, Mwakio akiwa ameenda mjini. Kona yake tu sikuigusa, kwa sababu niliahidi, na pia, nikisema ukweli, kwa sababu mpangilio wake ulikuwa unaniumiza kichwa.

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba hilo lilikuwa kosa. Kunde ikipewa naitrojeni ya dukani, haina haja ya kushirikiana na vijidudu. Inakula kilichoandaliwa. Vinundu havijengwi, au vinajengwa vichache vilivyo vivivu. Niliziharibu kwa kuzisaidia. Ndugu zangu, ni wangapi hapa tumeharibu watu kwa namna hiyohiyo?

Kisha nikasoma, na ingekuwa heri nisingesoma, kwamba mtu anaweza kujua kama vinundu vinafanya kazi. Unang'oa mmea, unakipasua kinundu. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, bado, au hakuna kitu.

Kung'oa mmoja si dhambi. Hata wataalamu hung'oa mmoja. Nikang'oa mmoja. Mizizi ilikuwa na vinundu viwili vitatu, vidogo kama vichwa vya pini. Nikavipasua kwa wembe. Vyeupe.

Nikajiambia, huu ni mmoja tu, labda ni mgonjwa. Nikang'oa wa pili. Vyeupe. Nikang'oa mwingine upande wa pili wa shamba. Huo haukuwa na kinundu hata kimoja. Nikaikagua mingine. Kesho yake nikarudi. Keshokutwa nikarudi. Niliinuka asubuhi nikijiambia kwamba leo sitachimba, na kabla ya uji niko shambani nimepiga magoti, si kwa maombi. Nilikuwa natafuta rangi ya waridi kama mtu anayetafuta sindano. Nikimaliza, narudisha mmea kwenye shimo lake na kulifukia vizuri, naupigapiga udongo kwa kiganja ili pasionekane kitu. Lakini mkunde ukishang'olewa haurudi. Mchana jua linapowaka, unalala chini.

Mwakio akaanza kuona. Alisimama katikati ya shamba, mikono kiunoni. "Mkamburi! Njoo uone. Kuna mnyama anatuchimbia kunde."

Na mimi, Mungu wangu, nikasema, "Labda ni nungunungu."

Neno hilo lilitoka mdomoni mwangu rahisi kabisa. Kwetu nungunungu ni adui anayejulikana, anachimba mihogo, anachimba viazi, kila mtu angeamini. Mwakio akaamini. Kaka yangu hakuwa mtu wa kushuku watu. Akaanza kumtafuta nungunungu. Akazunguka ua akitafuta njia anayoingilia. Akarudi kwa mama anakuna kichwa, akasema, "Huyu nungunungu ni wa ajabu. Haangushi mwiba hata mmoja. Halafu ana adabu! Anachimba, anakula kidogo, kisha anafukia shimo na kulisawazisha. Mimi sijawahi kuona nungunungu aliyelelewa vizuri hivi."

Mama akacheka. Mimi nikamega ugali.

Ningeweza kusema pale pale. Tungecheka sote, angeniita Inspekta, mambo yangeishia hapo mezani. Hili ndilo ninalolijutia zaidi kuliko hata kunde zenyewe. Mlango ulikuwa wazi, nami nikaendelea kula.

Mwakio akaamua kuzungusha miiba. Akaenda porini na panga, akaanza kukata matawi ya miiba ile mirefu myeupe, anayafunga na kuyaburuta mpaka shambani, mikono inamtoka damu. Alianza na kona yake kwa sababu ilikuwa chini, karibu na kichaka, akidhani huko ndiko adui anakotokea. Akaniambia, "Nikimaliza hapa nazungusha juu kote. Nungunungu wako atakoma."

Siku ile alipoondoka kwenda kukata mzigo mwingine, mimi nikaingia sehemu ya juu. Nilikuwa nimetandika chini leso yangu ya kiunoni. Nimepanga mizizi juu yake, mistari iliyonyooka kabisa, nimeshika wembe. Nilizama katika kazi ile hata sikusikia hatua. Niliona kivuli kikiangukia leso. Nikainua macho. Mwakio amesimama, mzigo wa miiba begani.

Akatazama mizizi. Akanitazama mimi. Akasema, "Kumbe nungunungu wetu anavaa leso."

Nikacheka, ndugu zangu. Nilicheka kwa woga, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya utani. Lakini yeye hakucheka. Aliushusha mzigo polepole.

"Nilitaka tu kuhakikisha," nikasema. "Nilifanya kwa ajili yako. Ili ukae."

"Mikono yangu umeiona?" akauliza. Akanionyesha viganja. Akachuchumaa, akaushika mkunde mmoja, akauweka chini. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeulizia jembe: "Na mimi je, Mkamburi? Nikipanda, unapanda tena nyuma yangu. Nikifunga mfereji, unakwenda kuufungua uone kama nimeufunga. Nikisema nitakaa, unaniuliza kila siku kama kweli nitakaa. Kunde ukiing'oa inanyauka siku hiyohiyo. Mtu anachukua muda kidogo."

Akainuka. Akabeba mzigo wake akaupeleka kwenye kona ile ya chini, akamalizia kuzungusha miiba, akaiziba hata ile nafasi aliyokuwa ameacha ya kuingilia. Jioni alikula na mama, akamchekesha, hakusema neno juu yangu. Asubuhi alipanda gari la mizigo lililokuwa likielekea Kishushe. Aliniaga. Hata alinipiga begani. "Baki salama, Inspekta." Heri angenitukana.

Ndugu zangu, baada ya hapo shamba lilifanya lile ambalo shamba hufanya. Sehemu yangu ya juu ilibaki na mapengo kama mdomo wa mzee. Jua likapiga udongo mahali palipokuwa wazi, magugu yakaingia. Nilipita nikaona kazi ya mikono yangu. Kona ya chini sikuikaribia. Niliogopa kuiona nzuri, na niliogopa kuiona mbaya.

Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Siku moja mchana nikachukua jembe nikashuka. Nilijiambia, mmoja tu. Kama kona hii ina vinundu vya waridi, nitampigia Mwakio nimwambie arudi. Kama havimo, nitajua nimepoteza vyote. Nilitaka kujua tu. Nikajaribu kuingiza mkono katikati ya miiba. Ikanikamata. Nikausukuma zaidi, ikashika leso, ikashika nywele, ikanichana mkono kutoka hapa hadi hapa. Mkitaka kuona alama mtaniona baada ya ibada. Nilikwama pale, nimeinama, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, mbele yangu kunde za kaka yangu zimefunika udongo kabisa, majani mapana, kijani kibichi, hata punje ya udongo huioni. Zilizorushwa ovyo. Zilizokuwa bila mstari.

Nililia. Nilimlilia baba niliyemkatisha usingizi wake wa mwisho. Nilimlilia Mwakio. Nikasema, "Bwana, sijui. Sijui kilichomo humo chini, na sina nguvu tena ya kujua."

Sikusikia sauti. Wengine wenu mlisikia sauti, na ninawaamini, lakini mimi nilisikia nyuki tu kwenye maua ya kwanza. Ndugu zangu, nadhani hilo lilinitosha. Wale nyuki hawakuwa na wasiwasi wowote. Nikajitoa kwenye miiba tawi kwa tawi, nikarudi nyumbani bila kujua. Nilikula chakula bila kujua. Nikalala bila kujua, nikaamka, na kunde zilikuwa bado zipo.

Sitaki kuwadanganya, nilishadanganya vya kutosha. Kesho yake mkono wangu ulikuwa tayari kwenye jembe. Basi nikamwendea mama, nikamwambia, "Mama, nifichie hili jembe." Mama akanitazama. "Wengine hufichiwa pombe," akasema, "wangu mimi anafichiwa jembe! Basi lete." Akaliweka chini ya kitanda chake, na kila nilipokuja kuliomba akaniuliza, "Ni la kulimia au la kuchungulia?" Hivyo ndivyo nilivyofunguliwa. Si kwa siku moja. Kidogo kidogo, mama yangu akiwa amelilalia jembe.

Kunde za kona ile zilipochanua, tuliondoa miiba upande mmoja tukaingia na mapanga. Majirani walisimama kando wakisikitika. Mama mmoja akasema, "Jamani, mnakata chakula kikiwa na maua!" Mama yangu akamchumia majani mafungu mawili ya kwenda kupika, akamwambia, "Ya juu ni yako. Ya chini ni ya udongo." Tulikata shina karibu na ardhi, tukalaza majani palepale. Mizizi tuliiacha ndani. Haikung'olewa. Sikuiona. Mpaka leo, ndugu zangu, sijui vinundu vya kona ile vilikuwa na rangi gani, na sitajua mpaka nife. Haleluya! Kwa mtu kama mimi, huo ni muujiza.

Tulisubiri majani yakauke na kuanza kuoza. Kisha tukafungua vishimo katikati yake tukaingiza miche ya sukuma, bila mfuko wa dukani. Nilipita pale kila siku na mikono yangu nimeifunga nyuma kama mfungwa. Miche ikashika. Majani yakatoka mapana, mazito, ya kijani kile ambacho macho yangu yalikuwa yamekisahau. Udongo ulikuwa laini, wenye unyevu chini ya yale matandazo hata mchana. Shamba la juu, nililolipima kwa kamba, lilitoa sukuma ya njano kama kawaida.

Nilipeleka sokoni. Mama Mutua akashika kifungu, akakinusa, akanitazama usoni. "Hii ni yako?"

"Ni ya kaka yangu," nikasema.

"Mwambie alete nyingine."

Ningemwambia vipi? Kama ningevumilia msimu mmoja tu, shamba zima lingekuwa vile. Tungekuwa tumesimama wawili mbele ya Mama Mutua, yeye akitania, mimi nikipanga vifungu upya. Mungu ameniponya ugonjwa, ninamshukuru, lakini kilichong'olewa hakirudi kwenye shimo lake kwa sababu nimelifukia vizuri. Hilo pia ni lazima nilishuhudie. Kuna ushuhuda ambao unaisha mtu amerudishiwa vyote. Wangu haujafika huko.

Kuna dereva anayepeleka bidhaa Kishushe mara mojamoja. Nilimpa gunia dogo la sukuma ya kona ile ampelekee Mwakio. Sikuweka barua. Sikumtuma aulize chochote. Niliposhika mdomo wa gunia kulifunga, maswali yote yalikuja: unakula vizuri, unalala wapi, umenisamehe, utarudi lini. Nikayafungia nje ya gunia, nikakaza kamba.

Dereva aliporudi alinipigia honi pale barabarani. "Kaka yako anashukuru. Amesema imeiva haraka na ni tamu. Halafu akaniambia nikuulize kitu, sijakielewa: nungunungu hajambo?"

Nilicheka na kulia pamoja, dereva akadhani nina wazimu. Nikasema, "Mwambie hajambo. Mwambie siku hizi analala." Na ndugu zangu, nilitaka sana kumuuliza yule dereva, je, alisemaje, uso wake ulikuwaje, alitaja kurudi? Nikauma ulimi. Dereva akaondoka. Vumbi likatulia. Sikujua, na nikaenda nyumbani.

Kwa hiyo namshukuru Mungu anayefanya kazi chini ya ardhi, mahali ambapo Inspekta hana ruhusa. Namshukuru mama yangu. Nawashukuru ninyi mlionivumilia na viti vyenu. Na wewe unayenisikia, unayemgusa mgonjwa wako bega, unayefungua simu ya mumeo, unayemuuliza mwanao kila siku kama kweli amebadilika: nakuomba kwa jina la Bwana, utakapofika nyumbani leo, liache jembe. Mpe mtu fulani alilalie. Mtegemee Yeye aliye upande ule wa udongo usiouona. Nami mniombee. Mwombeeni Mwakio, lakini msimwombee arudi kwa ajili yangu. Mwombeeni tu awe na ardhi ya kushika mizizi, popote alipo.

Mvua hizi tumepanda kunde shamba lote. Sikutumia kamba. Nilirusha kwa mkono, kama yeye, na sikujua kurusha, nyingi zikaangukia kwenye njia ile tunayopita kwenda mfereji. Zimeota katikati ya njia. Asubuhi nikienda kuchota maji, nazipita pembeni.